Kinyago kikishaingia kabatini

Nilikuwa na miaka minane hivi nilipomtambua mjomba wangu kwa kidole cha mguu.

Ilikuwa kiangazi, kijijini kwa bibi, juu kwenye uwanda wa Makonde upande wa Newala. Wari walikuwa wametoka jandoni, ngoma zilikuwa zimeoteshwa moto tangu alasiri mpaka ngozi zikakaza, na kina mama walikuwa wameimba hadi sauti zikawakauka. Ndipo midimu ikaingia uwanjani. Uso wa mti, nguo kuanzia shingoni hadi vifundoni, njuga. Sisi watoto wa kike tukapiga mayowe na kutimka, na mama zetu wakatimka nasi, kama desturi inavyotaka. Kanuni ni kwamba yule si mtu. Ni mzuka, ni mhenga aliyerudi, ni kitu kilichotoka porini. Kila nyumba ilikuwa na maelezo yake, ila mtu hakuwa. Nami nilikimbia, lakini nikageuka, nikaona kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopinda tangu siku kilipopigwa jembe. Mama aliona kwamba nimeona. Akanitazama mara moja tu, nikafunga mdomo.

Miaka mingi baadaye nilisimama mbele ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Ndani ulikuwepo uso wa mti wenye chale mashavuni, umewekwa juu ya kijiti cha chuma. Bila hata kufikiri, macho yakashuka chini kutafuta miguu.

Naandika haya kwa sababu ya maswali ninayokutana nayo kila nikirudi Mtwara, hasa kutoka kwa vijana wa sekondari. Kama sanaa ya Kimakonde inasifiwa dunia nzima, mbona hapa kwetu hakuna pa kwenda kuiona? Vitu vyenyewe viko wapi? Nani alivichukua, na sasa ni vya nani? Jibu la mkato lipo, linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wajerumani waliiba." Lina ukweli ndani yake, lakini limefungasha pamoja mambo yasiyofanana, na mtu asiyeyatenganisha hata kudai hajui adai nini, kwa nani.

Neno moja, vitu vingi

Tuanze na neno. Kiswahili kinatumia "kinyago" kwa karibu kila kitu kilichochongwa kikafanana na kiumbe. Sura anayovaa mchezaji ni kinyago. Sanamu ya mpingo inayouzwa soko la Mwenge, Dar es Salaam, ni kinyago. Hata mtu aliyejipamba akapitiliza ataambiwa amekuwa kinyago. Methali inasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiyo walitunga wachongaji. Sisi tuliokuwa tukikimbia hatukuulizwa.

Sikiliza neno lenyewe: kinyago, unyago. Mzizi ni mmoja. Kwa asili jambo hili ni la shule ya jando na unyago, yaani vitu vinavyoonyeshwa kwa wari ili wafundishwe, halafu vikafichwa. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa kusini kuna mambo mawili ambayo mgeni huyaona kama kitu kimoja. Kuna isinyago, maumbo ya wanyama yanayotengenezwa kwa fito na kufunikwa nguo au majani, watu wakaingia ndani na kuyatembeza usiku. Na kuna midimu, mtu mmoja mwenye uso wa mti, ambaye pengine huchezea juu ya mironjo hadi paa la nyumba likawa kiunoni mwake. Mtafiti wetu J.A.R. Wembah-Rashid, aliyefanya kazi Makumbusho ya Taifa, alizitofautisha aina hizi kwa maandishi tangu mwaka 1971. Isinyago ni nadra sana kuiona kwenye makumbusho yoyote, na sababu yake ni nyepesi: ni fito na majani. Usiku ukiisha, nayo imekwisha. Kilichoweza kubebwa ni uso wa mti, na ndio uliobebwa.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wamakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, kinyago kinaitwa lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko. Hicho hakivaliwi usoni. Huvikwa kichwani kizima kama kofia ya askari wa zimamoto, kikaelekea juu kidogo, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake. Cha upande wetu hufunika uso tu, kikafungwa kwa kitambaa nyuma. Ukijua hilo, ukiona picha yoyote ya "kinyago cha Kimakonde" unaweza kukisia ni cha upande gani wa mto kabla hujasoma maelezo, na utashangaa ni mara ngapi maelezo yenyewe hayajali tofauti hiyo.

Vyote viwili huchongwa kwa mti mwepesi, msufi mwitu na jamaa zake. Si mpingo. Anayeweza kucheza usiku kucha na kipande cha mpingo kichwani namwomba anitafute, maana shingo yake nayo inafaa makumbusho. Nywele zinazoonekana juu ya mapiko mara nyingi ni nywele za mtu kweli, zimenyolewa na kubandikwa. Chale huchongwa au hutengenezwa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti. Vinyago vya wanawake vina ndonya kwenye mdomo wa juu, kile kigingi ambacho bibi zetu walivaa na ambacho sasa utakiona kwa wazee wachache sana. Na kuna kile ambacho hunisimamisha kila mara: kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, matiti na tumbo la kuchongwa, ambacho mwanaume hujifunga kifuani na kuigiza uchungu wa uzazi mbele ya wanawake wanaoujua. Kwa hiyo mwanamke ndiye anayechongwa na kuigizwa, na yeye huyo ndiye asiyetakiwa kujua aliyemo ndani. Nimeishi na jambo hilo miaka yote na bado sijui nicheke au ninune.

Makumbusho ambayo hayakuwa ya sanaa

Watu wengi hudhani Makumbusho ya Taifa yalianzishwa kutunza sanaa ya taifa. Hapana. Yalianza kama kumbukumbu ya mfalme. George wa Tano wa Uingereza alifariki mwaka 1936, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikaamua kujenga makumbusho kwa jina lake. Yalifunguliwa mwaka 1940. Baada ya Uhuru jengo jipya likaongezwa mwaka 1963, jina la mfalme likaondoka, na mwaka 1980 sheria ikaipa taasisi sura iliyo nayo leo: makumbusho kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Hapo Dar es Salaam kuna Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, na Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama. Arusha kuna Azimio la Arusha na Elimu Viumbe. Butiama kuna ya Mwalimu Nyerere. Songea kuna ya Maji Maji. Mtwara na Lindi hazimo kwenye orodha hiyo. Kwa mtu wa Mtwara mjini, tawi la Songea liko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, kupitia Masasi na Tunduru; Dar es Salaam ni karibu zaidi.

Hazina iliyoyapa makumbusho yale jina duniani si kinyago wala picha. Ni fuvu: lile la Zinjanthropus alilolikuta Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Pembeni yake kuna vitu vya Kilwa, kuna magari ya viongozi, kuna ngoma, silaha na vyungu. Vinyago viliwekwa upande wa mila na desturi, na uamuzi huo unaoonekana mdogo ndio fundo la kwanza la kufungua. Kitu kikiwekwa upande wa sanaa, swali la kwanza ni nani aliyekitengeneza. Kikiwekwa upande wa mila, swali ni cha kabila gani. Ndiyo maana mchoraji wa mjini ana jina chini ya picha yake, na fundi wa Newala aliyekaa siku kadhaa akitafuta namna ya kulifanya shavu la mti lionekane limechoka, chini ya kazi yake pameandikwa "Makonde". Kijijini alijulikana. Watu walitembea kwenda kumwagiza yeye, si jirani yake. Jina lilipotea kwenye daftari la mapokezi, siku ile mtu alipoandika namba, mahali na kabila, akafunga kalamu.

Hili si kosa la Dar es Salaam peke yake. Ni ugonjwa waliorithi makumbusho karibu yote kutoka Ulaya, na huko ndiko tunakokwenda sasa.

Mjerumani aliyebeba mpaka sauti

Mwaka 1906 alishuka Lindi mtu anayeitwa Karl Weule, kutoka makumbusho ya mataifa ya mji wa Leipzig. Mwanzoni alikusudia kwenda Kondoa Irangi. Mpango ukabadilishwa, akaletwa kusini. Akapanda bara na wapagazi na askari, akazunguka Masasi, Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho yake.

Hakuchukua vinyago tu. Alikuja na kamera ya picha mnato, na kamera ya filamu, kitu ambacho wakati ule hata kwao kilikuwa kipya, na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Aliwapa watu penseli na karatasi wachore, nao wakachora. Kwa mtafiti wa leo ni hazina: nyimbo za miaka mia na zaidi, kwa sauti za watu walioziimba. Lakini fuata vitu vilikoishia. Nyuso za mti zilikwenda Leipzig. Mitungi ya sauti iko Berlin, kwenye hazina ya sauti ya mji huo. Ngoma yenyewe ilibaki Newala. Kinyago ni uso, vazi, wimbo, hatua, na siri ya nani aliyemo. Weule alikigawa vipande bila kukusudia ubaya, na vipande hivyo havijakutana tena.

Je, aliiba? Hapa ndipo nawaomba vijana watulie. Weule alinunua vitu vingi, alilipa kwa fedha. Lakini tazama mwaka. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, wilaya ya Kilwa, mkoa ambao sasa ni Lindi. Kinjekitile Ngwale alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Mapigano yakatapakaa kusini nzima, na Wajerumani wakayajibu kwa kuchoma vijiji na mashamba hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka mmoja baada ya hayo anafika mzungu na askari wenye bunduki, anasema anataka kununua. Bei ipo, na risiti huenda ipo. Hiari ndiyo inayohitaji kupimwa, kitu kwa kitu. Kuna vitu vilivyoporwa vitani waziwazi, na kuna vilivyouzwa na mtu mwenye njaa, na kuna ambavyo fundi alichonga haraka haraka baada ya kusikia kuna mjinga anayenunua. Aina hiyo ya tatu ipo, msijidanganye. Wachongaji wetu hawakuanza ujanja jana.

Kuna na jambo la sheria ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 1889 Ujerumani ilikuwa na agizo kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni kwa fedha za serikali vipelekwe kwanza makumbusho ya Berlin, ndipo vinavyozidi vigawiwe miji mingine. Kwa hiyo anayetafuta kitu cha kusini asiishie kwenye makumbusho moja. Na asitegemee kukuta vyote: jengo la Leipzig lilipigwa mabomu Desemba 1943, sehemu ya mikusanyo ikateketea.

Wa Lindi wataniuliza: na mjusi wetu je, yule dinosaria? Mifupa ya Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Mnyama mkubwa kuliko wote aliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Ni kesi ndugu, lakini si hii. Mjusi hakuchongwa na mtu, na hana wimbo. Aliyesimamia kazi ya watu wetu kule shimoni aliitwa Boheti bin Amrani, na ni mmoja wa wachache ambao majina yao yaliandikwa.

Mpingo ni mtoto wa jana

Turudi kwenye kile kinyago cheusi, kinachong'aa, ambacho ukitaja jina la Makonde ndicho kinachomjia mtu kichwani. Wengi husema ni cha "tangu enzi za mababu". Si kweli, na ukweli wake ni mtamu kuliko uongo huo.

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita Wamakonde wengi wa Mueda walivuka Ruvuma kukimbia kazi za shuruti na kodi za Mreno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Miongoni mwao walikuwemo mafundi. Mjini walikuta wanunuzi, na mnunuzi hakutaka mti mwepesi unaoliwa na wadudu. Alitaka mti mgumu, mweusi, utakaofika Ulaya salama. Mpingo ukapata kazi. Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwachochea wachonge wanachokiwaza, si tembo na simba tu. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa akatoka na mtindo uliokuja kuitwa shetani. Husimuliwa kwamba sanamu ilimvunjika mkono, naye badala ya kuitupa akaona ndani yake kiumbe kingine. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha ule mnara wa watu waliobebana, wamepandana wazee kwa watoto. Alichokichonga, wanavyoeleza, ni ushindi wa mieleka: bingwa amebebwa juu na wenzake. Kimakonde waliuita dimoongo, nguvu. Siasa zilipobadilika ukapewa jina la ujamaa, na leo muuzaji atamwambia mtalii kwamba huo ni ukoo mzima, babu yuko chini. Mtalii analipa kwa ajili ya babu. Bingwa wa mieleka amesahaulika.

Vita vya ukombozi vya Msumbiji navyo vilipita humo humo. FRELIMO, iliyokuwa na kambi Nachingwea, ilipata fedha na marafiki kwa kazi za wachongaji. Kwa hiyo sanamu ya mpingo ina historia yake kamili: uhamaji, mkonge, duka la mjini, vita, Azimio. Ni sanaa ya kisasa yenye wasanii wenye majina. Kuiweka kabati moja na midimu kwa sababu tu zote zinaitwa kinyago ni sawa na kuweka barua ya talaka na shairi la mapenzi faili moja kwa sababu zote ni karatasi.

Jina linaloonyesha mpito huu vizuri ni George Lilanga, mzaliwa wa wilaya ya Masasi mwaka 1934. Alianza kwa kuchonga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ambako mjomba wake Augustino Malaba alikuwa akichonga. Mlinzi akaonyesha kazi zake, wakaona huyu hafai kulinda mlango. Akawachukua mashetani wa mpingo, akawatia rangi, akawaweka kwenye picha wakicheka, wakinywa, wakigombana, vidole viwili viwili na masikio kama majani ya kisamvu. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, na leo anayetaka kuziona nyingi kwa pamoja hulazimika kutafuta wakusanyaji wa Ulaya. Huyo hakuporwa na mtu. Alinunuliwa, mchana kweupe, wakati sisi tulikuwa hatununui.

Mwaka juzi nilikaa na mchongaji mmoja mzee pale Mtwara, nje kidogo ya soko. Alikuwa na tezo iliyolika makali mpaka ikawa kama kijiko, patasi tatu, na mfuko wa rambo uliojaa msasa uliotumika. Akanipa magogo mawili madogo, yote meusi. "Chagua mpingo, dada." Nikachagua linalong'aa. Akacheka, akakwangua kwa ukucha, chini pakatoka weupe na ukucha ukabaki na kiwi ya viatu. Lile lingine akalitumbukiza kwenye ndoo, likazama moja kwa moja kama jiwe. Kisha akanionyesha ukingo wake: mpingo halisi, moyo ni mweusi lakini ganda la ndani ni jeupe kama siagi, na fundi mzuri huacha kipande cha weupe huo makusudi ili kazi ijitetee yenyewe. Nikamuuliza kama amewahi kuchonga midimu. Akaendelea kupiga msasa. "Hayo ni mambo mengine," akasema, na hakuongeza.

Kilichorudi kutoka Geneva

Sasa wizi wenyewe, ule usiohitaji kupimwa mara mbili. Haukufanywa na Mjerumani wala haukutokea enzi za ukoloni. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vitu zaidi ya kumi. Kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kikanunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Wao walisema hawakujua. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua na kutoa taarifa.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Yalichukua miaka 20. Tanzania ilijiunga mwaka 1977 na mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara ya mali za urithi zilizoibwa, lakini Uswisi ilijiunga mwaka 2003 tu, na mkataba haurudi nyuma kugusa yaliyofanyika kabla. Kisheria mnunuzi alikuwa na pa kujificha. Kimaadili hakuwa napo. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka suala hilo kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji, na Mei 2010, katika ofisi za baraza la kimataifa la makumbusho jijini Paris, pande mbili zikatia saini. Soma neno lililotumika kwenye makubaliano: zawadi. Makumbusho ya Geneva "yalitoa zawadi" kwa Tanzania kinyago kilichoibwa Tanzania. Lilikuwa neno la kumwezesha mtu ashuke mtini bila kuvua suruali, na pengine bila hilo kingekuwa huko mpaka leo. Mimi ningekipokea, lakini asante nisingesema kwa sauti.

Kilichokisaidia kurudi ni kwamba kilikuwa kimeandikwa. Palikuwa na kumbukumbu zinazothibitisha kwamba kilikuwa mali ya Dar es Salaam. Vile vya mwaka 1906 vina kumbukumbu pia, ila zimeandikwa na mchukuaji, kwa lugha yake. Na vile vilivyotoka vijijini kimya kimya miaka ya 1980 na 1990, mlanguzi akipita na pikipiki kununua "vitu vya zamani" kwa bei ya kilo mbili za sukari, havina kumbukumbu kabisa.

Mtu atasema basi virudishwe vyote, vije Newala, vichezwe. Natamani. Lakini kuna jambo moja la kiufundi ambalo halizungumzwi sana huku kwetu. Makumbusho ya Ulaya, hasa ya Ujerumani, kwa miongo mingi yalipulizia mikusanyo dawa za kuua wadudu: arseniki, baadaye DDT na jamaa zake. Sumu hiyo haitoki kwa kufuta na kitambaa. Kinyago kilichokaa miaka mia kwenye ghala la namna hiyo mtu hakivai usoni, akatokwa jasho, akahema ndani yake saa tatu, kabla hakijapimwa. Kitarudi, kama kitarudi, kikiwa kitu cha kutazamwa.

Na nani atazame? Swali hilo halina jibu moja hata nyumbani kwetu. Mjomba, aliyekwisha tangulia, angesema wanawake na watoto wasiotiwa jandoni hawapaswi kukiona kinyago kimelala bila mtu, maana kinyago kilicholala ndicho kinachotoboa siri, kinachocheza hakiitoboi. Kabati la kioo linafanya hasa kile alichokikataza. Upande mwingine, kuna tamasha la Makuya hapa Mtwara, jina lililounganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao, lililoanza mwaka 2008. Huko vinyago hucheza juu ya jukwaa, kwa kipaza sauti, na wanawake tumekaa viti vya mbele tunapiga picha kwa simu. Hakuna anayekimbia. Sijaona mhenga aliyekasirika.

Wakati tukingojea jengo, aliyeko Mtwara mjini na anayetaka kusimama mbele ya kazi kubwa ya sanaa bila kulipa nauli ya Dar es Salaam aingie Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kuta zimejaa picha za Biblia, kubwa kuliko mtu, kazi ya padre Mjerumani Polycarp Uehlein. Unaweza kuwa Mwislamu kama mimi. Ukiomba kwa adabu watakufungulia. Si sanaa ya Wamakonde, lakini ina kitu ambacho kabati la Dar es Salaam halina: iko mahali ilipotengenezwa, na watu bado wanaimba mbele yake.

Nilipomsimulia mama habari za kile cha Geneva, tulikuwa uani tunabangua korosho. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono myeusi kwa utomvu. Nilidhani ataniuliza kama kina ndonya, au kilikuwa cha upande gani wa mto. Akaitupa korosho kwenye ungo.

"Umesema waliiba zaidi ya kumi," akasema. "Vingine viko wapi?"